Kabla ya Kutuma Pesa ya Kushikia Ploti Merigi, Lipia Kwanza Kuichunguza

Kila mwaka bonasi ya chai ikikaribia, kati ya Septemba na Oktoba, simu za watu wa Bomet na Kericho huanza kupokea meseji za aina moja. "Ploti 50 kwa 100, dakika tano kutoka lami, maji na stima ziko karibu, hati iko tayari. Tuma elfu kumi ya kushikia, kuna mtu mwingine anakuja kesho asubuhi." Chini yake kuna namba ya simu, na mara nyingi picha ya shamba la kijani lenye kamba nyeupe iliyovutwa kutoka kigingi hadi kigingi.

Sisi ni kampuni ya malipo kwa simu. Ukituma hiyo elfu kumi, tunapata ada yetu. Kwa hivyo tunachosema hapa kinaweza kusikika kama duka linalofukuza wateja: usiitume. Si ati usinunue ploti. Nunua, jenga, uhamie na watoto wako. Lakini maoni yetu ni kwamba shilingi ya kwanza inayotoka kwa simu yako kwa sababu ya ardhi haifai kwenda kwa muuzaji wala kwa broka. Iende kwa uchunguzi wa ardhi yenyewe. Pesa kwa simu husafiri kwa sekunde tatu. Ardhi ya Kenya huhama mkono kwa miezi. Anayekuharakisha anajua tofauti hiyo vizuri sana, na ndiyo anayoitumia.

Tumechagua Merigi kwa sababu inaonyesha kinachotokea sehemu nyingi za nchi ya majani chai. Wadi hii iko Bomet Mashariki, karibu na mji wa Bomet. Walimu, wauguzi wa hospitali za Tenwek na Longisa, wafanyakazi wa kaunti na wafanyabiashara wa mjini wanatafuta mahali pa kujenga ambapo bei haijapanda kama mjini, na bado asubuhi mtu anafika kazini kwa boda au matatu. Basi shamba ambalo mzee alipanda chai, mahindi na nyasi ya ng'ombe linakatwa vipande. Ukipita leo unaona nyumba ya mabati mapya katikati ya mistari ya chai. Ni nusu shamba, nusu mtaa. Macho yako yanaona mtaa, lakini sheria mara nyingi bado inaona shamba, na hapo ndipo wanunuzi wengi huumia.

Wacha tuanze na hilo neno tamu, "hati iko tayari". Watu wa Bomet hawahitaji kuambiwa na mtu wa Nairobi kwamba hati inaweza kukuangusha. Mwaka 2018, na tena mwaka 2019, serikali iliwaondoa maelfu ya watu kutoka msitu wa Maasai Mau, upande wa Narok. Wengi wao walikuwa wametoka Bomet na Kericho. Walikuwa wamenunua mashamba kwa pesa halali, na wengi walikuwa na hati miliki mkononi. Shida ilianza miaka mingi kabla yao. Mashamba ya vikundi yaliyopakana na msitu yalikuwa yamepimwa yakapita mipaka yake hadi ndani ya msitu, yakakatwa, yakauzwa. Mnunuzi alionyeshwa hati. Hakuonyeshwa ramani ya msitu. Karibu kila lokesheni ya Bomet Mashariki ina familia iliyopokea jamaa waliorudi na mabati kwenye lori.

Na usifikiri ni mambo ya msitu peke yake. Oktoba 2023, nyumba zilibomolewa Athi River katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imesema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Nyingine zilikuwa za ghorofa, zenye vigae na maegesho. Wenye nyumba walikuwa na karatasi, walikuwa na risiti za kulipa kwa awamu, walikuwa na stima.

Mwaka huohuo wa 2023, mwezi wa Aprili, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi ambao kila anayenunua ardhi Kenya anafaa kuujua hata kama si wakili. Kesi ilikuwa kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilisema ilinunua kwa nia njema na hati ilikuwa safi. Mahakama ikaangalia nyuma, hadi mwaka 1989 ardhi hiyo ilipogawiwa mara ya kwanza, ikaona ugawaji haukufuata utaratibu, kwa kuwa hiyo ilikuwa sehemu ya umma. Nia njema ya mnunuzi wa mwisho haikuokoa kitu. Kwa lugha ya sokoni, ukinunua ng'ombe aliyeibwa miaka thelathini iliyopita, bado ni ng'ombe wa wizi, hata kama amepitia mikono minne na kila mmoja ana risiti.

Ndiyo maana tunasema upekuzi, ambao wengi wetu huuita searchi, ni mwanzo tu. Lakini mwanzo huo lazima ufanyike, na wewe mwenyewe au wakili wako ndiye wa kuufanya. Usikubali karatasi ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji. Omba namba ya ardhi, nakala ya hati na nakala ya kitambulisho cha mwenye shamba, kisha ombi lako lipitie mfumo wa serikali au ofisi ya usajili wa ardhi. Hapa kuna jambo dogo linalowachanganya wageni: hati nyingi za Bomet bado zinaanza na neno "Kericho". Hiyo si ishara ya wizi. Bomet ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi ilipotengwa mwaka 1992, na majina ya sehemu za usajili yakabaki. Uliza ni ofisi gani inayoshika faili hiyo sasa kabla ya kupanda matatu.

Ada ya upekuzi haifiki bei ya gunia moja la mahindi. Unailipa kwa simu kupitia eCitizen, na namba ya Paybill ya malipo ya serikali ni moja, 222222. Mtu akikuambia utume ada ya upekuzi kwa namba yake ya kibinafsi ili "akusaidie kuharakisha", hiyo peke yake inatosha kukufanya ukae chini ufikirie.

Majibu yakija, soma jina kwanza. Je, ni la huyo anayekuuzia, au ni la babu yake? Soma ukubwa wa shamba. Kisha soma sehemu ya vizuizi: mkopo wa benki, zuio lililowekwa na ndugu au mke, amri ya mahakama. Baada ya hapo, omba nakala ya kadi ya kijani, ile rejista yenyewe, ambayo inaonyesha historia: nani alisajiliwa kwanza, lini, nani akamfuata. Karatasi ya upekuzi inakueleza mambo yalivyo leo. Kadi ya kijani inakueleza yalivyofika hapo, na baada ya uamuzi wa Nyali hiyo ndiyo sehemu yenye uzito. Ukiona shamba limebadilisha majina mara tatu ndani ya mwaka mmoja baada ya kukaa kwa mtu mmoja miaka arobaini, uliza maswali mengi.

Sasa tufike kwa jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi huku kwetu, na halimo katika meseji yoyote ya broka. Ni Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ilipitishwa mwaka 1967 na bado ina meno. Inasema kwamba kuuza, kukodisha kwa muda mrefu, kuweka rehani au hata kukata vipande ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya eneo hilo. Maombi yanafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Bila idhini, mauzo hayo ni bure, yaani hayana nguvu, na unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa zako zirudi kama deni la kawaida. Fikiria maana yake. Umelipa laki nne mwaka huu, umejenga, umepanda miti. Baada ya miaka kumi bei imepanda mara tano, mzee aliyekuuzia amefariki, na watoto wake wanakuambia kwa upole kabisa watakurudishia laki nne zako.

Kuna wakati mahakama humhurumia mnunuzi wa namna hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kukosa idhini ya bodi hakumzuii jaji kuangalia haki, hasa pale muuzaji alipopokea pesa na kumruhusu mnunuzi aingie shambani. Lakini kufika Mahakama ya Rufaa ni safari ya miaka na pesa nyingi. Kuhudhuria kikao cha bodi ni asubuhi moja.

Hiki kikao hakina siri. Naibu kamishna wa kaunti au mwakilishi wake ndiye anayekiongoza, na wanachama ni watu wa eneo hilo. Muuzaji anaitwa, mnunuzi anaitwa, mke anaitwa. Wanauliza mzee kama anauza kwa hiari, familia itabaki na nini, watoto wanajua. Kwa mnunuzi mwenye haraka, hii inaonekana usumbufu. Sisi tunaiona kama bima ya bei nafuu kuliko zote. Mke akikataa mbele ya bodi, umejua leo. Ungejua baadaye, ungejua ukiwa umeshajenga msingi. Kama ploti iko ndani ya mipaka ya mji au soko lililotangazwa rasmi, sheria hii inaweza isiihusu, lakini usikubali kuambiwa hivyo kwa mdomo. Ofisi ya ardhi ndiyo iseme.

Na tukitaja mke, kwa nyumba ya ndoa sheria inataka idhini ya mwenzi, na tangu mwaka 2013 Sheria ya Mali ya Ndoa imeliweka wazi. Katika familia ambapo mzee ana nyumba mbili, uliza shamba unaloonyeshwa ni la nyumba gani. Broka wa kutoka mbali hataliuliza swali hilo. Jirani wa mzee anajua jibu tangu utotoni.

Hapo tumegusa tatizo lingine kubwa: ardhi ambayo bado iko kwa jina la marehemu. Huku ni jambo la kawaida mno. Babu alifariki, wana wamegawana kwa mdomo, kila mmoja anajua mpaka wake kwa mti wa mkaratusi na kijia cha ng'ombe. Mmoja anahitaji karo ya chuo, anaamua kuuza kipande chake. Hasemi uongo, ni chake kweli kwa macho ya familia. Lakini kwa macho ya sheria hana cha kuuza mpaka kesi ya urithi ipite mahakamani na cheti cha usimamizi kithibitishwe. Kumuuzia mtu mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa chini ya Sheria ya Urithi. Barua ya chifu inasaidia kuonyesha warithi ni nani, ndiyo, lakini barua ya chifu haimhamishii mtu ardhi. Tunajua wengi wamenunua hivi na wanaishi vizuri. Wanaishi vizuri kwa sababu ndugu bado wanapatana. Hilo si jambo la kuwekea akiba yako ya miaka kumi.

Tuseme sasa jina ni sahihi, familia imekubali, bodi imeidhinisha. Bado hujajua kama unaweza kujenga unachotaka.

Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji kibali cha kaunti, na kubadilisha matumizi, kwa mfano kutoka shamba hadi nyumba za kupangisha, nako kunahitaji kibali. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na kaunti inaweza kukuamuru urudishe mahali palivyokuwa kwa gharama yako. Watu hucheka wakisikia haya kijijini. "Nani atakuja Merigi kuniuliza kibali?" Labda hakuna, leo. Lakini mji wa Bomet unakua kuja huku, na siku utakapotaka mkopo wa benki kwa hiyo nyumba, au kuiuza, karatasi zitaulizwa. Kwa hivyo tembelea ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kununua. Uliza vitu vitatu tu: eneo hili limepangiwa matumizi gani, kuna barabara inayokusudiwa kupita hapa, na kipande hiki kilikatwa kwa idhini au kilikatwa kwa panga?

Hilo la barabara usilichukulie mzaha. Broka anapenda sana kusema ploti "imegusa lami". Kuna ploti zilizogusa lami kiasi kwamba nusu yake ni akiba ya barabara. Barabara zetu zina wenyewe, KeNHA kwa zile kuu, KURA za mijini, KeRRA za vijijini, na kila moja ina upana wake uliohifadhiwa hata kama leo watu wanalimia hapo. Ile alama ya X ya rangi nyekundu ukutani sote tumeiona ukielekea Kisii au Kericho. Upande mwingine wa tatizo ni ploti ya ndani ambayo haina njia kabisa, unapita kwa shamba la mtu kwa sababu ni rafiki ya muuzaji. Akikasirika, utaingia nyumbani kwa ngazi? Njia lazima ionekane kwenye ramani ya kupima, si kwa nyasi zilizokanyagwa.

Hapa ndipo unamhitaji mpima ardhi aliyesajiliwa. Aje na ramani ya ofisi, atafute bikoni, akuonyeshe kwamba ploti uliyosimama juu yake ndiyo namba iliyo kwenye karatasi. Wapo walionyeshwa ploti tambarare ya juu, wakasajiliwa ya chini bondeni. Hati ilikuwa halisi. Shamba tu ndilo lilikuwa lingine.

Na bonde ni suala zito huku kwetu kuliko tunavyokubali. Nchi ya chai inapata mvua karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu chai inakubali. Kati ya vilima kuna vinamasi ambavyo Januari vinaonekana uwanja mzuri wa kujenga, majani mafupi, udongo mweusi. Nenda Aprili au Mei. Tena nenda siku mvua imenyesha jioni, uvae gambuti, usimame katikati ya hiyo ploti. Angalia maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Mjini Bomet uko na Nyangores, upande wa mashariki kuna Amala, mito miwili inayoungana kuwa Mara, na kila kijito kinachoingia humo kina ukingo uliolindwa kisheria. Kanuni zinataja kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Pale yalipowahi kufika, si pale yalipo siku umeenda kuona.

Wengi wetu tukisafiri Nairobi kupitia Narok tunapita Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasuka, yakasomba nyumba watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu arobaini walifariki. Waliokaa pale hawakuishi kando ya mto mkubwa. Waliishi mahali ambapo maji yangepita kama kitu fulani kingeziba juu. Kwa hivyo ukitazama ploti yako tazama pia juu yake: kuna bwawa, kuna kalvati iliyojaa takataka, kuna mlima uliokatwa miti? Muulize mama mzee wa jirani, kwa heshima, "Mama, mvua ya mwaka ile ilifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Hakuna ofisi yenye jibu la haraka kama hilo.

(Na ukijenga, usiweke mabati membamba. Ukanda wa Kericho unajulikana kwa mvua ya mawe, na mabati ya bei rahisi huwa kama chujio la chai. Hilo halihusu hati, ila tumeona tuliseme.)

Haya, tumerudi kwa pesa, ambapo sisi tunajua kidogo zaidi.

Sheria ya mikataba inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na wahusika, na kila saini ishuhudiwe. Meseji ya "nimepokea elfu kumi, asante" ni ushahidi kwamba pesa ilitumwa. Haikupi ardhi. Watu wengi hutuletea meseji hizo wakidhani ni mkataba, na inabidi tuwaeleze hivyo. Kawaida ya mawakili ni mnunuzi kulipa asilimia 10 mkataba ukishatiwa saini, pesa ikae kwa wakili hadi masharti yatimie, kisha zilizobaki zilipwe uhamisho ukiwa tayari. Muuzaji wa kweli hana shida na hilo. Yeye pia analindwa.

Simu ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni rafiki yako. Tangu Agosti 2023, muamala mmoja wa simu nchini hauzidi shilingi 250,000 na salio la akaunti halizidi 500,000. Kwa hivyo mtu akikuambia utume bei yote ya ploti kwa simu, vipande vipande, kwa namba tatu tofauti, "hii ni ya mke wangu, hii ni ya kijana wangu", simama hapohapo. Pesa kubwa ya ardhi ipitie benki, kwa akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba. Simu itumie kwa vile vipande vidogo vya mwanzo: upekuzi, ramani, nauli ya kwenda Bomet, ada ya mpima ardhi. Unapotuma hata hizo, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la kwenye kitambulisho ulichoonyeshwa, ghairi. Meseji za malipo usizifute, na baada ya kila hatua omba taarifa ya akaunti yako uihifadhi pamoja na karatasi nyingine.

Weka pia akiba ya kodi ya stempu, ambayo ni jukumu la mnunuzi: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya vijijini, asilimia 4 kwa ya mjini. Muuzaji ana kodi yake ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Wengine hujaribu kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili wakwepe zote mbili. Siku mauzo yakivunjika, utarudishiwa bei iliyoandikwa.

Ndugu zetu walio Qatar, Dubai na Marekani ndio wanaotumiwa picha nyingi zaidi za ploti. Kwao tunaongeza moja tu: anayekufanyia uchunguzi asiwe yuleyule anayekupokelea pesa, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja. Hatusemi kaka ni mwizi. Tunasema mpe wakili kazi ya kuchunguza, mpe kaka kazi ya kusimama shambani wakati wa mvua.

Kuna hoja moja ambayo tunaipokea kwa uzito. Watu hutuambia kwamba ukifanya haya yote, wiki sita zinapita, na ploti nzuri inachukuliwa na asiyejali. Ni kweli, hutokea. Kuna ploti utaikosa. Lakini angalia alichokichukua huyo aliyekutangulia: amechukua kitu ambacho hajui ni cha nani, ndani ya mpaka asioujua. Na kwa uzoefu wa kila anayeuza ardhi huku, "yule mwingine wa kesho asubuhi" amekuwa akija kesho asubuhi tangu Januari. Kama unaogopa kweli kuikosa, mwombe wakili aandike makubaliano mafupi ya kushikia, yenye tarehe, kiasi, na sharti kwamba pesa zinarudi upekuzi ukionyesha tatizo. Muuzaji akikataa kutia saini sharti hilo, umepata majibu ya upekuzi wa kwanza bila kulipa chochote.

Na kama tayari umetuma, leo hii, na moyo unadunda: usimpigie broka kwanza. Piga simu huduma kwa wateja ya kampuni uliyotumia, mara moja, kabla pesa haijatolewa kwa wakala, na uombe muamala urudishwe. Pesa ikishatolewa, sisi hatuna uwezo wa kuingia mfukoni mwa mtu. Inabaki kazi ya polisi na mahakama, na hapo utahitaji ile meseji, taarifa ya akaunti, namba iliyopokea na jina lake. Peleka nakala zilizochapishwa, kwa sababu simu yenyewe inaweza kupotea kesi ikiwa bado haijatajwa.